Chuo Kisicho na Somo la Lazima

Kwa miaka minane nimewashusha wageni kwenye korongo la Marafa, nikiwaonyesha kuta zake nyekundu na nyeupe, na wakiniuliza zimetokeaje, nababaisha. Nilichoka kubabaisha. Wifi yangu Sidi alikubali kumlea mwanangu Neema, wa miaka miwili, ili nikasomee mawe.

"Mwaka mmoja tu, wifi," alisema. "Usinizoee."

Saa moja asubuhi nilipanda bodaboda hadi Malindi, kwenye chuo cha kwanza. Karani alinieleza kwa upole kwamba mwaka wa kwanza wanafunzi wote husoma mawasiliano, ujasiriamali, kompyuta na hesabu. Mawe huja mwaka wa pili. Hesabu! Ile iliyoniliza shule nzima. Niliaga mbio mbio, nusura nisahau vyeti mezani.

Saa sita, baada ya Gede na ule msitu mrefu wa Arabuko, nilifika Kilifi. Chuo cha huko, nilisikia, hakimlazimishi mtu somo lolote. Mwalimu wa mawe, Bi Zuhura, mama wa makamo, aliitikia shikamoo yangu, akatupia jicho anwani kwenye vyeti vyangu, akanipeleka moja kwa moja kwenye hadubini.

"Umetoka Marafa? Basi hebu tazama kwenu."

Aliweka chini ya lenzi mchanga wa korongo letu. Nikainama. Yarabi! Kila chembe ilikuwa angavu kama glasi, imevaa kutu nyembamba nyekundu. Nimeukanyaga mchanga huo maisha yangu yote bila kuuona. Machozi yalinitoka, wala sikuona haya.

"Zimekaa pale muda gani, mwalimu?"

"Hilo hupigiwa hesabu." Akanipa fomu. "Chagua upendavyo. Ukiacha hesabu, mwaka mmoja watosha. Ukiichukua, ongeza muhula."

"Na hakuna wa kunilazimisha?"

"Hapa? Hakuna."

Nilikaa na kalamu mkononi hadi chai niliyokaribishwa ikapoa. Kisha nikaandika hesabu, juu kabisa.

Jioni, nyumbani, nilimsimulia Sidi yote nikiwa nimesimama, naogopa kukaa. Nilikuwa nimejifunza kwamba somo nililolikimbia limo ndani ya kitu ninachokipenda, na kwamba nikijichagulia mwenyewe sina wa kumlaumu. Lakini muhula ule haukuwa wangu peke yangu.

Sidi alimtazama Neema, aliyesinzia mapajani pake, akamfunika kwa leso.

"Ongeza muhula wako," alisema. "Ila siku akiniita mimi mama, usinune."