Majina Nyuma ya Picha

Nilijifunza herufi za Kizungu nikiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, tayari mjane, na labda ndiyo sababu nilizikandamiza mno. Mtoto wa shule huandika kama anayetembea. Mimi niliandika kama anayechimba. Mwalimu wangu wa Ngagara, ambako nilihudhuria madarasa ya watu wazima kuanzia Januari 1990 hadi nilipopewa cheti changu Julai 1992, aliwahi kuligeuza daftari langu na kupitisha kidole upande wa pili wa karatasi. "Mama," alisema, "maandishi yako hata kipofu atayasoma." Darasa zima lilicheka. Mimi nilijivuna, na fahari hiyo ndiyo iliyozaa kosa ninalotaka kulisimulia.

Ukoo nilimoolewa ulikuwa na sifa mjini Bujumbura. Babu wa mume wangu alitoka Omani, akakaa Ujiji miaka kadhaa, kisha akavuka na kufungua duka la chumvi na vitambaa wakati mji huu ungali ukiitwa Usumbura. Wenye vyeo wa kila serikali walikunywa kahawa barazani kwetu, mtaa wa Asiatiki. Barua za ukoo, kutoka Ujiji, Kigoma na Maskati, zilikuwa za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Picha zilikuwa za harusi, za safari, na zaidi ya zote picha za Idi. Ilikuwa desturi ya duka kwamba kila Idi wafanyakazi wote, Waislamu na Wakristo, wapange mstari mbele ya mlango, mwenye duka katikati, wapigwe picha moja. Vyote hivyo vilijaa masanduku matatu ya bati.

Mume wangu alifariki Septemba 1988. Baada yake, aliyezijua sura za picha zile alibaki mmoja tu, mama mkwe wangu, na macho yake yalikuwa yakifunikwa na mtoto wa jicho. Mwezi wa Desemba 1994 aliniita chumbani.

"Mke wa mwanangu, niandikie watu wangu kabla sijazibwa macho kabisa. Nikifa, hawa watakuwa wageni ndani ya nyumba yao."

Wakati huohuo nilikuwa nimezungumza na masera mmoja wa Kibenga, mtawa aliyetunza chumba cha nyaraka za kale katika nyumba yao karibu na ziwa. Aliahidi kuyapokea masanduku yetu kwa sharti moja: kila picha iwe imetambuliwa. "Picha isiyo na jina," aliniambia, "ni karatasi yenye watu."

Tulianza Jumatatu tarehe 9 Januari 1995, baada ya sala ya alasiri. Mama mkwe aliiinua picha hadi dirishani, akaisogeza kwenye jicho lake zima, akataja. Ilipofika Februari hakuona tena. Nikawa mimi ninayemweleza. "Wa tatu kutoka kushoto, ana kovu shavuni, ameshika kofia." Alijibu bila kusita, na mimi niliandika nyuma ya picha, kwa kalamu ya wino wa buluu, jina, jina la baba, kilima alikozaliwa, komini, ndiyo wilaya yetu, na tarehe. Sikuacha pengo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza; milio ya risasi ilitufikia kutoka upande wa vilima, na siku nyingine soko halikufunguliwa, lakini saa kumi alasiri nilikaa na kalamu yangu.

Jumapili tarehe 26 Machi karani wa duka alikuja na shati alilovaa tu. Nyumba yake ya Cibitoke ilikuwa imechomwa. Mke na watoto walikuwa wamekwisha kuvukia Uvira, ng'ambo ya mpaka, naye njia ilimfungikia. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano, aliyeingia dukani akiwa kijana, kumsaidia baba yake aliyekuwa mpima chumvi. Tulimpa chumba cha uani, na majirani tuliwaambia ni ndugu wa mpishi. Mji ulikuwa ukigawanyika mtaa kwa mtaa, kabila huku na kabila kule. Vijana walipita nyumba hadi nyumba wakiuliza nani analala wapi, na baada yao walipita askari.

Alhamisi tarehe 20 Aprili alileta makaa, akaona picha moja juu ya mkeka. Akachuchumaa.

"Bibi, huyu si baba?"

"Ndiye. Idi ya mwaka 1966. Na wewe huyo ubavuni pake."

Alitabasamu, akaigeuza, akasoma. Tabasamu liliondoka polepole.

"Umeniandika muzuri, Bibi," akasema. "Jina, jina ya baba, kilima, komini. Umesahau tu saa ya kunikuta nyumbani."

"Anasema nini?" mama mkwe aliuliza kutoka kitandani.

"Anasema nimeandika vizuri."

"Nilikwambia. Una mkono."

Katika nchi yetu jina la baba na jina la kilima humtosha anayetafuta mtu wa kumuua. Akiwa navyo hivyo viwili hahitaji kuuliza la tatu. Hilo nililijua tangu utotoni. Nililijua, na bado nilikaa miezi mitatu nikimwandalia mtafutaji kazi yake, kwa mwandiko ambao hata kipofu angeusoma.

Nilianza kufuta usiku uleule, akili yangu ingali imevurugika. Kifutio kilisugua bila kuufuta wino. Wembe ulikwaruza karatasi hadi sura ikaanza kupasuka. Maji ya ndimu yaliusambaza wino ukawa wingu la buluu, na jina likaendelea kusomeka ndani ya wingu. Tena, kwa kuwa nilikandamiza, nilipoilaza picha ya mwaka 1966 kwenye mwanga wa dirisha, herufi zilionekana kwa mbele zimetuna kifuani mwa yule mpima chumvi, kama mshono.

Nikamwambia karani kwamba nitaichoma, hiyo na nyingine zote alizomo.

"Apana," alisema. "Yangu yote imechomwa. Mimi na baba pamoja, imebaki hii moja. Usiichome."

"Na ikikuua?"

"Fanya isiniue." Akanitazama moja kwa moja, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aingie uani kwetu. "Si umesoma, Bibi?"

Neno hilo lilinichoma zaidi ya kelele za barabarani, na lilinifikirisha. Nilikuwa nimesoma mara mbili. Kabla ya Ngagara nilisoma Buyenzi, katika chuo cha Kurani, nikiwa msichana wa miaka saba, herufi za Kiarabu, kwa ubao na fimbo. Tangu nipate cheti nilizidharau herufi hizo kama nguo za utotoni. Nilinunua daftari la kurasa mia. Kila picha niliipa namba. Majina niliyahamishia daftarini, kwa Kiswahili chetu lakini kwa herufi za chuoni, kutoka kulia kwenda kushoto, kama walivyoandikiana wakwe zangu waliotangulia. Kisha nilipika gundi ya unga wa muhogo, nikakata mifuko ya kaki ya dukani, nikabandika kaki nyuma ya kila picha, na juu ya kaki nikaandika namba peke yake. Picha zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Ile ya mpima chumvi na mwanawe ilikuwa ya sitini na moja; hiyo niliibandika kaki mbili na kuiweka chini ya kitabu kizito usiku na mchana, mpaka mshono ukalala.

Masera alikubali kuyapokea masanduku mapema, na pia alikubali karani akae kwao kama mfanyakazi wa bustani hadi njia ya Uvira ifunguke. Tuliondoka kwa teksi, mimi, karani na masanduku, Jumatano tarehe 17 Mei 1995, saa tatu asubuhi, wiki moja baada ya Idi ya kuchinja. Mwaka huo hatukupiga picha. Mama mkwe alinishauri daftari nilifiche nyumbani. Sikumtii: nyumba zilikuwa zikipekuliwa, na sikutaka mwanamke asiyeona aulizwe juu ya kitu asichoweza kukitazama. Nililitia mkobani.

Bariyeri, kizuizi cha askari, ilikuwa kwenye barabara ya kusini, kabla ya Kibenga. Askari mmoja alisimama. Mwenzake alikaa kivulini akila karanga.

"Teremukeni wote. Vipande."

Kipande cha karani, kitambulisho chake, kilikuwa kimeungua na nyumba yake. Alitoa cheti cha kazi chenye mhuri wa duka letu, kisichotaja baba wala kilima. Askari alikisoma, akausugua mhuri kwa kidole gumba, akakishika bila kukirudisha.

"Mama, mu mufuko iko nini?"

Nilimpa mkoba. Alitoa miwani yangu, leso, kisha daftari. Alilifungua, akaona herufi, akalishika kwa uangalifu zaidi.

"Hii ni kitabu gani?"

"Ni daftari."

"Ya nini?"

Nilikuwa nimejiapia nisiseme uongo njiani, si kwa wema, bali kwa sababu uongo huniharibia sauti. "Ya majina," nilimjibu.

Uso wake ukafunguka. "Aa, majina ya Mungu! Jirani yetu kule Buyenzi, muzee mumoja, alikuwa anayahesabu na tasbihi kila asubui. Tisini na tisa, si ndiyo?"

"Ni mengi," nilisema.

Alilifunga akanirudishia kwa mikono miwili. Nililipokea kwa mikono miwili pia, nikaomba msamaha moyoni kwa Mwenye majina yale.

"Na mu masanduku?"

"Picha na barua za ukoo wa mume wangu."

Alifungua la juu. Alitoa picha moja, ya tatu, ya kumi, akicheka suruali za watu wa zamani. Aligeuza moja, akaona namba. Akageuza nyingine, akaona namba. Kicheko kikaisha. Iliyofuata ilikuwa ya sitini na moja. Sikuwa nimeiweka juu. Jinsi ilivyopanda mpaka pale sijui hadi leo.

"Mbona ni namba tu? Nani anawajua hawa watu?"

"Mama mkwe wangu."

"Iko wapi?"

"Nyumbani. Amepofuka."

Aliitazama picha, kisha akamtazama karani, aliyesimama karibu na mlango wa teksi. Nilimwona akihesabu kitu ambacho sikujua ni nini: labda paji la uso, labda masikio.

"We karani. Unafanya kazi kwao. Unamujua mutu humu?"

Karani aliipokea picha. Aliishika pembeni, na kidole chake gumba kikakaa juu ya uso wa kijana wa miaka kumi na sita, kikaufunika wote. Ubavuni alibaki wazi baba yake na kofia yake.

"Apana, shefu. Hawa ni watu ya zamani."

"Tazama muzuri. Huyu muzee?"

Alitazama vizuri. Alitazama kwa muda mrefu, kwa kuwa alikuwa ameamriwa, na kwa kuwa hakuwa ameiona sura ile kwa karibu hivyo tangu ile siku ya makaa.

"Simujui," alisema.

Mikono yangu ilikuwa juu ya mkoba, na ndani ya mkoba mstari wa sitini na moja ulikuwa ukisema kinyume chake, kwa wino mweusi.

"Eh, waachie hao!" mwenzake alipiga kelele kutoka kivulini, ganda la karanga mdomoni. "Picha haina risasi, haiwezi kupiga mutu!"

Yule wa kwanza alirudisha picha, akarudisha cheti. Tukapanda. Dereva wa teksi alikosa gia mara mbili.

Tulikwenda hadi tukaliona lango la masera. Ndipo karani aliposema, bila kunigeukia, "Bibi, nimemukana baba."

"Umebaki hai."

"Ni vyote viwili," alisema, akateremka kushusha masanduku.

Masera alifungua la kwanza, akanusa, akakunja uso. "Muhogo? Mama, umewapikia mende karamu!" Nilimweleza sababu, akaanza kuzihesabu mwenyewe. Daftari sikumwachia. Nilimwahidi nitalileta siku ambayo mwenye namba ya sitini na moja atakubali. Wiki tano baadaye karani alivuka kwenda Uvira.

Mama mkwe wangu alifariki Oktoba 1999. Daftari lilikaa kabatini kwetu jirani na msahafu, na nyumba yetu ilipopekuliwa, mara mbili, hakuna aliyeligusa.

Jumatano tarehe 9 Machi 2005 tulikwenda Kibenga pamoja, karani na mimi. Alikuwa amerudi na mvi na mkewe. Masera alikuwa amezibandua kaki zote kwa mvuke na kitambaa, akatia kila picha katika bahasha yake nyeupe. Wino wangu wa buluu ulikuwa umeondoka na gundi ya muhogo. Ulibaki ukungu tu. Nilianza kusoma daftari kwa sauti, naye akaandika juu ya bahasha, kwa penseli, kama sheria ya chumba chake inavyotaka. Tulipofika sitini na moja niliweka daftari magotini.

"Hii ni yake," nilisema.

Masera akampa penseli. Karani aliitazama ncha yake.

"Inafutika?"

"Inafutika. Ndiyo maana tunaitumia."

Alicheka, safari hii kwa kicheko chake cha zamani, kile cha dukani. "Ee Bibi! Miaka hii kumi penseli ilikuwa imejificha wapi?"

Aliinama juu ya bahasha, akaandika jina la baba yake, na jina la kilima, na komini. Jina hilo siliandiki hapa. Liko Kibenga, naye ndiye aliyeliandika. Aliandika taratibu, akikandamiza kwa nguvu zake zote, mpaka masera akauwahi mkono wake.

"Polepole, baba. Utaitoboa."

"Niache, masera," alisema. "Nataka hata ikifutwa, ibaki."