Tulifika Tumeshiba

Binti wa dada yangu amenipigia simu kutoka Dar. Anakwenda likizo kwenye kisiwa chenye milima, yeye na wenzake wa kazini, kutembea kwa miguu kijiji hadi kijiji na kula vyakula vya wenyeji. Hajawahi. "Mama mdogo, kwenye ukoo huu ni wewe na bibi tu mliowahi kutembea safari ya siku nne. Nipe ushauri."

Nilicheka mpaka sindano ikakatika. Mimi ni fundi cherehani wa Kanyenye, hapa Tabora mjini. Kisiwa sijakiona hata kimoja, na mlima nilioupanda ni ngazi za benki. Lakini kutembea na kula, hayo nayajua, kwa kuwa nilitembea na bibi yake, yaani mama yangu mzazi.

Haya, mwanangu, tuanze na viatu. Usinunue vipya. Mimi nilinunua raba nyeupe pe, nikajiona wa maana. Siku ya kwanza haijaisha, vidole vimetoka malengelenge, nikamalizia njia na kandambili. Mama na viatu vyake vya plastiki vya miaka nenda rudi alikuwa mbele huko, anakwenda utadhani anawahi foleni ya maji. Mtu wa miaka sitini na kitu! Nikimwita anipumzishe, ananijibu bila kugeuka, "Pumzika, utanikuta." Nilinuna safari nzima ya siku ile.

Safari yenyewe haikuwa ya starehe. Mama alikuwa na rafiki Ulyankulu, mama mmoja mkulima, Mkatoliki, mjane, ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Kila mwaka baada ya mavuno alikuja Tabora kuuza maharage, na kila mwaka alifikia kwetu. Alikula kwetu, alilala kwetu, mimi nilikua namwamkia shikamoo kama mama yangu mwingine. Yeye naye kila mwaka alimwambia mama, "Dada, na wewe njoo ule kwangu." Mama hakosi sababu. Mara mguu, mara msiba, mara mvua. Sababu ya kweli sisi ndani tuliijua na hatukuitamka: mama ni Mwislamu wa kushika dini, alihofia nyama iliyochinjwa na nani, na sufuria iliyopikiwa nini.

Mwaka ule yule mama alifunga mizigo yake, akasimama mlangoni. "Dada, nimekula kwako miaka yote hii. Wewe kwangu hujala hata kijiko kimoja. Usipokuja safari hii, na mimi siji tena." Hakugomba. Alisema kwa upole, akaondoka.

Mama hakulala vizuri wiki nzima. Halafu akatangaza kwamba anakwenda, tena kwa miguu. Mabasi yapo, nikamwambia. Akasema zamani mwenzake alikuja kwa miguu na gunia kichwani, na yeye ataifuata njia ileile. Nani atambishia? Nikampigia rafiki yake simu kwamba siku ya nne tutafika, nikafunga cherehani, nikamfuata mama.

Ushauri wa pili ni mzigo. Mama alibeba jiko zima. Sufuria yake, majani ya chai, chumvi, chapati thelathini, visheti kwenye ndoo ndogo ya plastiki. Tulianza na ile njia ya zamani ya misafara, inayoshika magharibi kwenda Ujiji, kabla ya kukata kuingia porini. Watu wa kale walipita humo na pembe za ndovu vichwani, sisi tukapita na chapati. Kila tulipolala, kwa jamaa na kwa jamaa wa jamaa, mama alisema asante, kisha akateleka sufuria yake mwenyewe. Mimi nilikuwa natoroka. Nyumba moja walinipa michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, nyingine asali bado iko kwenye masega. Nilirudi kwa mama nanukia asali, akanitazama weee, akageuza shingo.

Siku ya nne, karibu adhuhuri, tulibakiza mwendo mfupi tu. Mama akasema tukae tule chapati zilizobaki. Kwetu mjini ndivyo tulivyolelewa: kwa watu huendi na njaa. Unakula kwanza, ili usimtie mwenyeji mashakani. Tukala zote. Nilishiba mpaka nikalegeza kanga.

Tulipofika, rafiki yake alitupokea kwa vigelegele peke yake uani. Jogoo mwekundu alikuwa amefungwa mguu karibu na mlango. Hata maji hatujanywa, mama akasema kwa sauti yake ya adabu, "Usijisumbue, mwenzangu. Sisi tumekula. Tumeshiba kabisa."

Yallah! Laiti ningemziba mdomo. Yule mama aliinama, akaanza kumfungua jogoo kamba amwachie.

"Mimi sijala tangu jana," akasema. "Nilikuwa nawasubiri tule pamoja."

Hapo ndipo nilipoiona sufuria. Ilikuwa juu ya mafiga, mpya, karatasi ya dukani bado imebandikwa ubavuni. Pembeni yake kisu, nacho kipya, hakijatolewa kwenye boksi. Nikamfinya mama. Akaona. Akatazama sufuria, akatazama kisu, akamtazama mwenzake.

"Ulijua?" akauliza.

"Dada, unadhani sikujua? Miaka yote hii nilijua. Nilimwomba Mwislamu mmoja mwenye duka aje kuchinja, leo asubuhi ameitwa msibani Kaliua. Nikasema utachinja wewe."

Sasa mama yangu hajawahi kuweka kisu kwenye shingo ya kuku. Kwetu kuku anakwenda sokoni na kelele zake, anarudi kimya ndani ya mfuko. Lakini alivua viatu, akafunga kanga kiunoni, akaniamuru nishike mbawa na miguu.

"Kibla kiko wapi huku?" akauliza.

"Pale kwenye mpapai," akajibu mwenyeji wake. "Nilimuuliza mwenye duka kabla hajaondoka."

Mama alisimama na kisu mkononi, machozi yanamtiririka, hata hajifuti. Kisha akasema Bismillahi, Allahu Akbar, akachinja. Damu ikaniingia kwenye raba nyeupe, nilizozivaa tena ili nifike mtu wa maana, na siku ile sikunung'unika.

Jogoo yule alikuwa mgumu, acha tu. Aliiva saa kumi, na kufika hapo njaa ilikuwa imesharudi kwa heshima zote. Tulimla na ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Firigisi mwenyeji akamwekea mama. Mama akaikata kwa meno, nusu akamrudishia mwenzake mdomoni, wakacheka kama wasichana. Mama alikula sahani mbili, akakwangua na sufuria. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Mwaka uliofuata mavuno yalikuja, wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Simu ya Ulyankulu haipatikani. Mama akawa kila basi likiingia anatuma mtu kuuliza. Chakula cha mchana anapika kingi, kinabaki. Mimi nikajisemea, basi tena, lile neno la kushiba halikusameheka.

Siku moja adhuhuri nikasikia hodi. Alikuwa yeye, kachoka, na gunia la maharage miguuni. Mama alitoka jikoni mbiombio, mikono ina unga, hata salamu hakumaliza.

"Umekula?" akamuuliza.

"Tangu jana sijala," akasema yule mama. "Nimefanya makusudi."