Wifi Yangu, Msugua Akiki

Wifi yangu anasugua mawe ya akiki. Miaka ishirini na sita amesimama mbele ya gurudumu lile lile la kusugulia, aproni ya plastiki kiunoni, maji yakimchuruzika hadi viwikoni. Ukimuuliza hali, anakujibu, "Nipo nipo tu, wifi." Zamani nilikuwa namtania kwamba mtu aliyepo hujibu kwa sauti, naye ananirudishia. Siku hizi hata hacheki.

Kaka yangu ndiye anayenunua mawe na kuyakata. Mimi nauza nyuzi na vifungo chumba cha pili, pazia tu katikati, kwa hiyo yao yote nayasikia. Na kwa kuwa ni dada yake wa tumbo moja, nina haki ya kumsema: kichwa chake ni kigumu kuliko mawe yake.

Akiki kwa nje haina sura. Ni donge la kijivu ambalo ungelipiga teke njiani bila kugeuka. Lipasue sasa: milia myekundu, ya maziwa, ya moshi, imezungukana na kujikunja, kama mtu aliyekoroga rangi akaondoka kabla hazijachanganyika. Wifi huwaeleza wateja kwamba zamani za zamani mwamba ulioyeyuka ulipoa ukiwa na mapovu ndani. Mapovu yakaacha matundu, maji yenye madini yakapenya, yakaacha utando mwembamba, kisha mwingine juu yake, hadi tundu likajaa. "Limelala huko mamilioni ya miaka bila kuamshwa na mtu," humalizia. "Lina bahati kuliko mimi." Wateja hucheka. Mimi nilijua hatanii.

Kilichomchosha si gurudumu. Kaka ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alijitia hamnazo. Nesi jirani yetu alimtazama mara moja tu akasema inatolewa hiyo, ila msichelewe. Kaka akawa mbogo.

"Mnunuzi wa mawe akionekana kwenye foleni ya macho, nani atamwamini tena?"

Basi mwaka mzima wifi akawa ndiye macho yake. Hawakupanga, wala hawakulitamka hata siku moja. Muuzaji akija, kaka huligeuzageuza jiwe, kisha husema, "Hebu maji tulioshe." Wifi akileta bakuli, jiwe ni zuri. Akisema, "Ndoo imekauka," kaka hulirudisha kwa madaha, utadhani kasoro kaiona yeye. Kila mara wifi huzima gurudumu, husimama nyuma ya bega lake roho juu, asije akakosea, kisha hurudi kusugua. Siku moja aliniambia, "Nimechoka kuona kwa ajili ya watu wawili, wifi."

Wiki iliyopita alikuja muuzaji tunayemwita Kiapo, maana hana jiwe asiloliapia. Alileta nusu ya akiki iliyokwisha pasuliwa, buluu ya kuumiza macho. Hata mimi wa vifungo, nikichungulia kwenye pazia, niliona rangi imejikusanya kwenye nyufa. Lilikuwa limechovywa dawa ya rangi. Wifi aliliona hilo kabla yangu.

"Hebu maji tulioshe," kaka akasema.

Wifi alimtazama kisogo. Kisha akainama, akachota, akaleta bakuli.

Nilitaka kupiga kelele. Alinikata jicho moja, nikanyamaza. Kaka akalipa, Kiapo akaenda zake, nami nikamvuta wifi nyuma ya pazia.

"Una wazimu? Umemwingiza mkenge mume wako!"

"Najua," alisema. "Kesho sonara anayenunua mawe yetu atalikataa mbele yake. Ataaibika mara moja, ndipo ataenda hospitali. Nimembembeleza mwaka mzima, wifi. Sina kingine kilichobaki, na akichelewa zaidi atapofuka."

Nilimwonea huruma, na kaka nilimkasirikia kweli kweli.

Tukasikia anaita. Tulimkuta ameketi kwenye benchi, jiwe kalisukuma mbali.

"Hili limepakwa rangi," alisema. "Nililiramba kabla sijalipa, wakati Kiapo anafunga gunia lake. Dawa tupu."

Wifi alishika ukingo wa meza. "Sasa umelinunua kwa nini?"

"Si ulileta maji." Kaka alijikuna kidevu, akitafuta maneno, na yeye si mtu wa kutafuta maneno. "Nikajua macho yako nayo yameanza kuchoka. Ningelikataa pale pale, ungejua umekosea, tena mbele ya mtu baki. Sikutaka uumie." Akavuta pumzi. "Usiogope, bibie. Kesho asubuhi nakupeleka kwa daktari wa macho. Nitakaa nawe kwenye foleni hadi mwisho. Wakitaka kunitazama na mimi, basi na wanitazame."

Nilifungua mdomo nimweleze ukweli. Wifi alinifinya mkono hadi nikauma meno. Alijishusha kwenye kigoda, akajifunika uso kwa ile aproni yenye maji, akalia.

Asubuhi niliwaona wakitoka. Mlango wetu una ngazi tatu, na kaka hazioni. Lakini ndiye aliyemshika wifi mkono, akamwambia ashuke polepole, asije akaanguka.