Homa ya papasi ilimpinda mwanangu uso, zahanati wakasema nimempiga kofi

Wakuu, za majukumu. Walionizidi umri, shikamooni. Haya yamenikuta mimi na mwanangu, chumvi sijaongeza. Kama mhusika yumo humu, asome hadi mwisho.

Siku iliyonishinda ni ile tabibu alipomshika Neema kidevu, akamgeuza uso, akauliza bila kunitazama, "Nani kamzaba kofi huyu mtoto?"

Mdomo wa Neema ulikuwa umevutwa kulia. Jicho la kushoto halifumbi. Akinywa uji unamwagikia kifuani. Ana miaka minne.

Nikasema, "Daktari, hii ni mara ya tatu nakuletea huyu mtoto ana homa."

"Nyie mama vijana mna hasira. Mkigombana na baba zao mnamalizia kwa watoto." Huku anaandika kwenye kadi.

Nilimpokonya kadi. Ndiyo, nilipokonya. Nikambeba mwanangu mgongoni nikatoka.

Nirudi nyuma kidogo mnielewe.

Sisi ni wa Nyasubi, Kahama. Baba Neema alipata nafasi kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kijiji kimoja mbele ya Rwamgasa, tukamfuata. Chumba tulichopanga ni cha tope, sakafu ya udongo. Neema alilala kwenye mkeka kando ya ukuta. Asubuhi moja akaamka na vidoti vyekundu shingoni. Nikamwonyesha mama mwenye nyumba, Mama Kulwa. Akacheka.

"Papasi hao. Wanasalimia wageni tu. Sisi wametuzoea, na nyie mtazoea."

Kwa wasiomjua, papasi ni jamii ya kupe, ila hang'ang'anii mwilini kama kupe wa ng'ombe. Anakaa kwenye nyufa za sakafu, ukilala anatoka, anashiba, anarudi zake. Husikii maumivu.

Nilimwamini Mama Kulwa. Hilo kosa ni langu, nalibeba.

Homa ya kwanza: kipimo cha malaria kikasema hana. Tabibu akasema vipimo navyo hukosea, akampa mseto, dawa ya malaria. Siku ya tatu dozi ikaisha, homa nayo ikaisha. Nikashukuru.

Wiki moja tu, ikarudi. Safari hii akasema ni UTI. Mkojo hakupima. Akatoa dawa ya maji, siku ya tatu mtoto anacheza.

Mnauona mtego? Homa hii inakuja, inakaa siku chache, inaondoka yenyewe, halafu inarudi. Ungempa hata maji ya mchele yangeonekana yameponya. Wote tulikuwa tunasifia dawa.

Ya tatu ndiyo ikaja na uso. Mama mkwe akapiga simu kutoka Buseresere, "Huyo kapitiwa na upepo mbaya, mleteni, huku kuna mtu." Nikamwambia, mama, nipe siku moja.

Kwa hiyo nilipotoka pale zahanati nilipanda bodaboda moja kwa moja hadi hospitali, Geita. Mtoto ananiunguza mgongo. Njiani akaacha kulia, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilikuwa namfinya kidole cha mguu nisikie tu sauti yake.

Maabara kulikuwa na mzee mmoja. Habari ya kofi hakuuliza.

"Mama, mnalala kwenye sakafu gani?"

"Udongo."

"Homa inaondoka na kurudi?"

Nikamtajia siku zote. Akamtoboa kidole, akaiweka damu kwenye darubini.

"Vizuri umemleta akiwa wa moto. Angepoa, wadudu hawa tungeweza tusiwaone."

Akaniita nichungulie. Vijinyuzi vimejisokota katikati ya damu ya mwanangu.

Homa ya papasi. Daktari wa pale hospitali akanieleza kwamba ikicheleweshwa inaweza kushika mshipa wa uso, macho, hata ubongo, na mjamzito inaweza kumtoa mimba. Akaonya kuwa baada ya sindano ya kwanza joto lingeweza kupanda. Lilipanda. Neema alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta, na mimi namwomba Mungu kwa Kisukuma, Kiswahili kimeniishia.

Leo jicho linafumba. Akicheka, upande mmoja bado unachelewa.

Wazazi, homa ikirudi mara ya pili msisifie dawa. Mpelekeni mtoto akiwa bado wa moto, ombeni damu iangaliwe kwa darubini, semeni wazi kama kuna papasi. Nyufa zibeni, mtoto asilale chini. Na aliyewahi kuuguza uso wa hivi aniambie hapa chini ulichukua muda gani kurudi sawa. Wa kuniambia nisamehe, apite kimya.

Jumatatu nilikwenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Karani akasema niache barua mezani. Nikasema nasubiri muhuri. Nilisubiri, ukagongwa. Barua ni hii:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MATIBABU YA MWANANGU

Nilimpeleka mwanangu zahanati mara tatu akiwa na homa. Mara ya kwanza alipewa dawa ya malaria baada ya kipimo kuonyesha hana malaria. Mara ya pili alitibiwa UTI bila kupimwa mkojo. Mara ya tatu hakupimwa chochote, nikaandikiwa kosa mimi. Hakuna aliyeniuliza tunalala wapi.

Naomba tabibu ajibu kwa maandishi. Naomba pia swali hilo aulizwe kila mzazi wa huku machimboni ambaye mtoto wake ana homa inayorudi.

Nimeambatanisha kadi na majibu ya maabara. Jibu nitakuja kulichukua mwenyewe, pamoja na mtoto, mumwone uso.