Asiguswe Mpaka Nifike

Fundi mwashi aliyejenga nyumba nyingi za mtaa wetu hapa Msamala amefariki. Habari ilinifikia sokoni, kwa muuza nyanya, ikiwa na hukumu yake tayari: "Wamempasua, wamemuua." Hapa kwetu hukumu hutangulia, ushahidi ukipata nafasi, utafuata.

Marehemu alivuta sigara tangu ujana na alikuwa mcheshi kupindukia. Kilabuni, akishashiba pombe ya komoni, alijilaza kwenye benchi na kuweka kiberiti juu ya kitovu, nacho kikarukaruka chenyewe. "Fundi, kuna mtu humo ndani anagonga mlango," mnywaji mmoja alimwambia. "Mwache agonge, leo sina kiti cha wageni." Watu walivunjika mbavu, kisha wote wakageuka madaktari: hiyo ni ngiri, anywe mizizi. Nikauliza ni ngiri gani inayodunda sawasawa na moyo. Nikaambiwa maswali kama hayo nikayaulize chuo kikuu. Fundi akaendelea na mizizi. Kumbe ni ule mshipa mkubwa unaoshusha damu kutoka moyoni, umevimba tumboni kama mpira wa baiskeli uliochoka. Picha moja ya tumbo ingeuonyesha, lakini nani apoteze asubuhi hospitali wakati kilabu kizima kimeshatoa majibu?

Mshipa ulipasuka akiwa kazini Mshangano. Nilikuwa miongoni mwa waliomfikisha hospitali. Daktari wa upasuaji hakumpambia maneno binti wa fundi, mwalimu wa shule ya msingi: wengi wenye hali hii hufa hata wakipasuliwa, asiyepasuliwa ni wa kuzikwa tu, na kumsafirisha ni kumuulia njiani. Daktari alikuwa tayari kujaribu, lakini papo hapo. Ndipo ukoo ukaketi kikao, pale pale koridoni. Mgonjwa ana wenyewe, wakasema, na mwenyewe ni kaka yake mkubwa, aliyekuwa anasubiri gari kijijini Mpitimbi. Binti akampigia simu.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Asiguswe mpaka nifike."

"Baba mkubwa, damu inamwagikia tumboni sasa hivi."

"Nimesema nifike kwanza. Tangu lini mtoto wa kike akatoa ruhusa baba yake achanwe?"

Shangazi wawili wakamshika mkono asiweke sahihi. Mjadala ukahamia kwenye suala zito zaidi: mzee akifika, alale kwa nani. Binti alipojinasua na kusaini, baba yake alikuwa hajitambui tena. Alifia kwenye meza ya upasuaji, mimi nikiwa nimeshaondoka kwenda sokoni.

Sidai kwamba angepona. Daktari hakuahidi hivyo, nami siwezi kuahidi kwa niaba yake. Ninachokataa ni hesabu ya kivivu inayokitwisha kisu cha daktari kila kifo kinachokuja baada yake. Tunajua vizuri kwamba hata jogoo asipowika kutakucha, lakini akifa mtu hospitali tunamshika jogoo kwamba ndiye aliyeleta asubuhi. Kisha tunaogopa kupasuliwa, tunawapeleka wagonjwa wetu wakiwa nusu maiti, wanakufa, na hofu yetu inajiona imethibitishwa.

Makaburini wasifu wa marehemu ulisomwa: aliugua ghafla, akapelekwa hospitali, akapasuliwa, akafariki. Kikao cha koridoni hakikutajwa. Baba mkubwa, ndani ya koti lake zito, akatangaza kwamba binti hatatupa udongo mpaka auombe ukoo radhi kwa kuuza uhai wa baba yake. Padri akatazama viatu vyake. Binti akatoka nyuma walikomweka. "Baba mkubwa, radhi hiyo sina," alisema taratibu. Akainama, akachukua udongo, akamzika baba yake kama watoto wengine. Hakuna aliyemzuia.

Somo langu ni fupi. Mwenye mamlaka ya kusema "asiguswe" awe pia na ujasiri wa kusimama mbele ya kaburi na kusema: nilimchelewesha mimi.