Malimau kwenye Mchungwa wa Mama

Siku niliyomwita Mzee Mhando tapeli mbele za watu haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila nikiikumbuka napandwa na hasira upya. Usicheke. Najua ndevu zangu bado zinahesabika, lakini jana nimekuona uani kwenu na panga, unauangalia mchungwa wa mama yako kama unataka kuunyoa. Kaa hapa nikwambie.

Mama yangu alinunua mche wa mchungwa kwa Mzee Mhando, muuza miche wa pale sokoni Muheza. Mche wa kubebesha: chini limau, maana mizizi yake migumu, juu kimeungwa kikonyo cha chungwa tamu. Mama akaupanda nyuma ya jiko, akanikabidhi. Kumwagilia mimi, kuweka samadi ya mbuzi mimi. Na mjuaji nani? Mimi!

Ule upande wa juu ukawa unajikongoja, vijani viwili vitatu. Chini ya pale palipoungwa yakachomoza matawi mengine, manene, yana miiba mirefu, yanapanda kwa fujo. Nikasema, hili tawi legelege la juu linayanyonya mengine bure. Nikalikata. Nikajipongeza kabisa, nikaenda kula.

Mwaka wa nne mti ukazaa. Mama akachuma la kwanza, akamenya, akauma. Uso ukajikunja kama tambara la kudekia. Limau!

Damu ikanichemka. Nikajaza malimau kwenye kiroba, huyo Muheza. Hata shikamoo sikutoa. Nikayamwaga mbele ya miche ya mzee, nikapiga kelele: "Njooni mumwone tapeli! Anauza limau anaita chungwa!" Watu wakajaa. Mteja mmoja wa Horohoro alikuwa ameshapanga miche yake kwenye gari. Akaishusha yote, akaondoka. Nikajiona shujaa, mwanangu. Shujaa wa upuuzi!

Mzee hakunitukana. Alisema tu, "Twende nikauone."

Tukapanda bodaboda mpaka nyumbani. Akainama kwenye shina, akafuta udongo kwa kidole, akagusa kovu.

"Hapa palikuwa na tawi. Nani kalikata?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Lilikuwa legelege, mzee."

Akainuka, macho mekundu. "Chungwa ndo hilo ulilolikata, we mtoto! Umekata chungwa ukalea limau miaka yote hiyo, halafu unakuja kunivua nguo sokoni? Mimi nakula kwa jina langu. Mtu akishasikia tapeli, nani atanunua mche wangu, asubiri miaka minne ndo ajue kama nimemdanganya?"

Mama alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Akaniangalia vile ambavyo usiombe kuangaliwa. "Vaa viatu," akasema. "Unarudi naye."

Nikarudi. Nikasimama palepale, nikasema kwa sauti ileile kwamba muongo ni mimi. Muuza chipsi wa jirani akacheka mpaka akaunguza mayai. Waliokuwepo walisikia. Yule wa Horohoro hakusikia, na mpaka leo hajarudi kwa mzee, na huko kwao sijui kawaambia wangapi. Hilo ndo linanikera mpaka kesho: uongo wangu uliondoka na gari, ukweli wangu ukaishia kwenye kibanda cha chipsi.

Kwa hiyo nisikilize. Tafuta kovu la kuungia kwenye shina. Kinachochipua chini yake king'oe kingali kidogo, hata kiwe kizuri vipi. Kilicho juu yake kiache, kikikonda kipe maji na samadi. Na ukiona mambo yameharibika, kabla hujaenda kumwita mtu mwizi, uliza kwanza wewe mwenyewe ulifanya nini. Uliza ukiwa nyumbani, mdomo umefungwa.

Mungu akupe mikono yenye subira, mama yako ale chungwa la uani kwake akiwa na afya tele, na jina la kila muuza miche wa Muheza alilinde na midomo kama yangu. Amina.