Chupa Juu ya Lango la Zizi

Ninyi vijana mnaosoma huku mmelala chali na simu iko juu ya uso, inukeni kidogo. Sitawachelewesha. Mnapenda kutuambia sisi wazee kwamba sanamu ni mambo ya zamani, na kwamba ninyi mmezaliwa kanisani. Mimi sikuzaliwa kanisani. Niliolewa katika mji huu, nje kidogo ya Bariadi, kwenye nyumba iliyokuwa na mizimu yake. Ndiyo maana naijua sanamu hata ikibadilisha nguo.

Juu ya lango la zizi letu baba mkwe wangu alikuwa amefunga pembe ya dawa. Ndani yake kulikuwa na nini, sijui, mwanamke hakuuliza. Pembe ililinda ng'ombe, lakini kwa masharti. Mwanamke aliye katika siku zake hapiti chini yake. Aliyegombana na mwenzake hapiti. Akipita, masamva, yaani wale waliotutangulia kaburini, watakasirika, na ng'ombe atatupa mimba au mtoto ataugua. Tulipita pale tumeinamisha shingo, kama watu wanaopita mbele ya mbwa asiyefungwa.

Mzee alipofariki na mume wangu akabatizwa, aliikata ile kamba mwenyewe, akaichoma pembe. Ilinuka. Tukaimba. Nikadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Anayelima mtama analijua gugu la kiduha. Unaona maua yake ya zambarau, unang'oa, unarudi nyumbani umeridhika. Kumbe chini mizizi ilishashikana na ya mtama, imeshanyonya, na mbegu zake zimelala udongoni zinangoja. Ndivyo tulivyo sisi wana wa Adamu. Dhambi haikuwa pembe. Dhambi ni moyo ulioifunga pembe, na moyo hatukuuchoma.

Mwaka huu, mvua zikielekea mwisho, mke wa mwanangu wa mwisho alirudi kutoka mkutano wa injili mjini na chupa ndogo ya mafuta yaliyoombewa. Akaifunga kwa kamba ya katani juu ya lango la zizi. Pale pale. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu binti yule ana kidonda chake. Mtoto wao wa kwanza tulimzika kando ya ua wa minyaa kabla hajaanza kutambaa. Huyu wa pili, msichana, alikuwa ameachishwa ziwa karibuni na mwili ukakataa kushika. Muuguzi wa zahanati alisema apewe maziwa kila siku, asikose. Na ng'ombe wa kukamuliwa tulikuwa naye mmoja tu.

Sasa asubuhi moja nikatoka ndani nikamkuta mkwe wangu amesimama nje ya zizi, kibuyu mkononi. Mume wake alikuwa ameondoka jana yake kwenda Nassa, kule ziwani, kununua dagaa. Mimi vidole vyangu vimekakamaa, chuchu ya ng'ombe haiitikii tena, na mkamuaji mwingine hapakuwapo.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa goti, yaani umeamkaje, mama.

"Mwangaluka. Ndama analia, wewe uko nje. Kuna nini?"

Akahamisha kibuyu mkono mwingine.

"Nimekuuliza."

"Siwezi kuingia, mayu. Jana tulitukanana na mume wangu, akaondoka hatujapatana."

"Najua mlitukanana. Hata kuku wanajua. Ng'ombe amekukosea nini?"

Hakucheka. Akatazama juu ya lango. "Siwezi kupita chini ya mafuta nikiwa na dhambi."

"Mhubiri alisema hivyo?"

"Hapana."

"Nani kakuambia?"

"Hakuna. Najua tu."

Binti yule hakuwahi kuiona ile pembe. Anaolewa kwetu, ilishakuwa majivu zamani, na masharti yake sisi hatukuyataja tena. Ameyatunga mwenyewe, na yametoka yale yale.

"Mtoto jana jioni amekula nini?"

"Uji."

"Wa maziwa?"

"Wa chumvi."

"Na leo?"

"Baba yake akirudi tutapatana, nitakamua."

"Na asiporudi leo?"

Hapo akaketi chini, akalia bila sauti. "Mayu, yule wa kwanza alipofariki, tulikuwa hatusemezani. Mungu alimchukua kwa ajili hiyo. Kwa huyu sitaki kumpa sababu."

Nikakaa juu ya kinu kilicholala pale. Mimi si mtu wa kubembeleza. Nikamwambia: "Kutukana ni dhambi, sikufichi. Ulimi wako ni mkali na wa mwanangu una miba zaidi, mtatubu wote wawili. Lakini mungu uliyemfunga pale juu mimi namjua, nimepita chini yake tangu nimeolewa. Ana hasira za haraka, anamvizia mtu akosee, anachukua watoto. Huyo ni mzimu wa baba mkwe wangu, wewe umempaka mafuta tu. Mungu aliyetuita alitujua wabaya kabla sisi hatujajijua, naye akamtoa Mwana wake. Aliyemtoa wa kwake kwa ajili ya wakosaji atakuja kumnyang'anya wa kwako kwa sababu umemwita mume wako mbwa?"

"Sikumwita mbwa."

"Ulimwita nini?"

"Fisi."

"Haya, fisi."

Akajifuta pua kwa khanga. "Sasa yule alikufa kwa nini?"

"Sijui. Na mimi nimezika wangu, na sijui. Lakini nafasi hiyo sitaijaza kwa mungu wa kutunga. Inuka."

Alitaka nikate kamba kwanza. Nikakataa. Nikamshika mkono, tukapita chupa ikiwa pale pale juu yetu. Mimi niliyekuwa nimemaliza kuhubiri, shingo yangu ikainama yenyewe. Kiduha. Nikarudi nyuma, nikapita tena, kichwa juu.

Alikamua kwa haraka, mengine yakamwagika kwenye mavi ya ng'ombe. Yaliyobaki yakachemshwa. Mtoto alikunywa kikombe chote, akalamba na mkono wake, akaanza kuupiga mkeka akidai kingine. Mama yake akamtazama kutwa nzima. Jua likazama, mtoto anacheza.

Mwanangu alirudi na gunia lake siku iliyofuata. Wakapatana wenyewe, hilo sikuliingilia. Ile chupa nilishaikata na kuinusa: mafuta ya alizeti, kama ya dukani. Nikayakaangia dagaa.

"Mayu, dagaa hawa leo watamu!" mwanangu akasema.

"Ni mafuta ya zizini," mke wake akamwambia.

Akaacha kutafuna, jicho likatoka. Mkewe akacheka mpaka akaegemea ukuta. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu msiba.

Nikawaacha wamalize kucheka. Kisha nikawaambia wote waliokuwa pale, wakubwa kwa wadogo: "Juu ya lango lile hakifungwi kitu tena, iwe pembe, iwe chupa, hata msalaba. Aliyekosa aingie akamue, mtoto anywe, kisha atubu kwa Mungu na kwa mwenzake siku hiyo hiyo. Na mpite pale shingo zikiwa zimenyooka."